Dawa Zinakaa Nyumba Kubwa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kliniki ya moyo, Homa Bay. Tumefika alfajiri, tumeonwa saa saba. Wazee wamejaa benchi nzima, miguu imewavimba, na kila mmoja ana sababu yake ya kutomeza. Huyu dawa inamtoa kanisani kwenda kukojoa. Yule amemgawia dada yake kwa sababu naye anahema. Mzee Maranga humeza asubuhi ya kliniki tu, ili daktari afurahi! Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja na sijaona watoto wajinga kiasi hiki.

Sista Joyline akauliza nani anamtunzia Oyaro dawa. Mimi, nikasema, mke wa kwanza. Anameza kila siku? Kila siku. Nilijibu upesi sana. Ukweli ni kwamba hulala wiki moja kwangu na wiki moja kwa Phelesia, na wiki ya Phelesia hamezi hata kidonge kimoja. Dawa zinakaa nyumba kubwa. Nyumba kubwa ni hii.

Sista akatupatia makopo mawili ya vidonge, moja la kila nyumba. La pili nimelitilia vifungo vya nguo.

Daktari akamsikiliza kifua, akasema dawa haimsaidii, akaongeza dozi. Nikazipokea, nikafunga mkoba.

Jumatano, 5 Machi

Wiki ya Phelesia imeanza jana. Mke mdogo, muuza omena, aliacha shule darasa la nne. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Miaka ishirini na miwili sijaikanyaga.

Oyaro kaja asubuhi akihema. "Mwalimu, nipe za wiki niende nazo." Nikamwambia zikienda kule zitanuka samaki, anayetaka dawa aje hapa kila asubuhi, anywe chai, ameze mbele yangu. Akacheka kidogo, akasema yeye si mtoto wa nasari, akaondoka bila kumeza. Mtu aliyesimamia chama cha ushirika kizima, anashindwa na kikombe cha chai.

Jumamosi, 8 Machi

Phelesia mwenyewe leo. Hakuingia — alisimama chini ya ukingo wa paa, mikono mbele. "Mama Liz, mzee sasa analala amekaa. Akilala chini anakohoa tu. Nipatie hiyo dawa, uniandikie masaa, mimi nitampea."

Nimwandikie masaa! Nikamuuliza nani atamsomea.

"Sawa, mama," akasema, akaenda. Hata hakununa. Angenitukana ningelala vizuri. Nina wivu, basi, nimeandika. Nikimsikia Oyaro akicheka kule, chai yangu inaingia uchungu. Wiki hii sijamsikia akicheka kule.

Jumapili, 9 Machi

Liz kapiga simu kutoka Migori. Phelesia amemlilia, bila shaka. "Mum, si ugawanye tu? Hiyo ni maisha ya Daddy." Nikamwambia mimi ndiye nimemtunza babake tangu yeye hajazaliwa. Akaniuliza kama daktari anajua. Mtandao ukakatika. Sawa, niliukata.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Hakuja mtu.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili. Wiki yangu imeanza. Nimeamka mapema, nimeosha kikombe chake, vidonge viko kwenye sahani, vipya vilivyoongezwa pia. Kiti nimekielekeza dirishani.

Anakuja. Namwona kutoka hapa. Viatu havimwingii — amevaa malapa ya Phelesia, ya waridi! Mwanamume mzima. Phelesia amemshika kiunoni. Wanatembea hatua tatu, wanasimama. Tatu, wanasimama.

Wamefika katikati ya uwanja. Amekaa kwenye kinu kilicholala pale, mdomo wazi. Naogopa kidogo. Lakini anajua dawa ziko wapi, na hatua zilizobaki hazifiki ishirini. Akipumzika atafika.

Phelesia amevua leso, anampepea. Anatazama mlango wangu. Mimi sijamficha mtu dawa, ziko hapa mezani, maji nayo yako hapa.

Ameinamisha kichwa. Anapumzika tu.

Sasa Phelesia ananiita. Si Mama Liz — Truphena. Truphena! Jina langu tupu, uwanjani, majirani wakisikia. Miaka ishirini na miwili hajawahi kuthubutu. Nikitoka nitaanza na hilo.