Michirizi Mgongoni mwa Mzee Shui-mu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Lugang, Taiwan
Tarehe 23 Agosti, alasiri

Jina langu ni Chuang Siu-luan, mwanamke, umri miaka 58. Nauza maziwa ya soya na mikate ya mvuke asubuhi, kwenye kichochoro nyuma ya hekalu. Nyumba yangu na ya mzee Huang Shui-mu zinagawana ukuta. Sikuitwa hapa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu mmemshika Wartini, yule Mwindonesia anayemtunza mzee, mkisema amempiga. Hakumpiga. Andika hilo kwanza, afande, mengine yatafuata.

Mzee ana miaka themanini na moja. Mwanzoni mwa mwaka moyo wake ulianza kuruka mapigo, hospitali ikampa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi isigande. Tangu hapo nilikuwa naona vitu, ila sikujua maana yake. Siku moja alimega mkate wangu kwa meno, ukabaki na alama ya damu. Nikamwambia, "Babu, umeng'ata mkate au umeng'ata ulimi?" Akacheka: "Damu imenijaa tele, Siu-luan. Ujana unarudi huu." Mikono yake ilikuwa na mabaka ya zambarau, akisema amejigonga mlangoni. Kila siku mlango! Aliyekuwa na wasiwasi ni Wartini. Alimwambia mbele yetu, "Babu, daktari alisema fizi zikitoa damu au ukisikia kizunguzungu turudi hospitali." Mzee akamjibu, "Daktari kasema, daktari kasema. Kwani umeolewa na daktari?" Wateja wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaficha.

Mnamo tarehe 19 Agosti jua lilikuwa linachoma vibaya. Kama saa nne asubuhi mzee alikuja kwetu anashikilia ukuta, anasema kichwa kinazunguka na mwili hauna nguvu. Kwetu mtu akiwa hivyo wakati wa joto hatuulizi mara mbili, anakwaruzwa mgongo ili joto litoke. Alikuwa ameshamwomba Wartini amkwaruze, Wartini akakataa, akasema mtu anayemeza vidonge vile hakwaruzwi. Mzee alikuja amefura: "Mtoto wa kuajiriwa ananinyima mgongo wangu mwenyewe!" Alikuwa amemtuma sokoni kununua tofu, ndipo yeye akaja upande wetu.

Aliyemkwaruza ni mume wangu.

(Hapa shahidi aliomba kupumzika kidogo. Alipewa maji, akaendelea.)

Anaitwa Shih Chin-teng, miaka 63, fundi wa taa za karatasi. Kichochoro kizima kinamletea migongo. Ana kipande cha pembe ya nyati alichoachiwa na mama yake, na hamtozi mtu kitu. Mzee alivua shati, akakaa kwenye kiti kinyumenyume. Chin-teng akampaka mafuta, akaanza kuvuta ile pembe kutoka shingoni kwenda chini, kisha mbavuni. Michirizi ilitoka papo hapo, myekundu, mara ikawa karibu nyeusi. Sijapata kuona inatoka upesi namna ile. Na sisi tunavyojua, michirizi ikiwa myeusi ndiyo joto lilikuwa limejaa hasa, kwa hiyo unazidi kukwaruza. Mume wangu akasema, "Lo, Mjomba! Umebeba joto la Lugang nzima!" Mzee akasema, "Basi kaza mkono, mbona unanipapasa kama bwana harusi?" Chin-teng akakaza mkono. Mimi nilikuwa mlangoni na chai. Niliona kila kitu na sikusema neno, maana nilidhani anapona.

Alipomaliza mzee akatukataza tusimwambie binti yake, Su-ching, kwa kuwa atapiga kelele. Akavaa shati, akarudi kwake. Nimesikia baadaye kwamba hakukubali Wartini amwogeshe siku ile wala siku ya pili, kumbe anaficha mgongo.

Tarehe 20 jioni Su-ching alifika kutoka Taichung, akamkuta baba yake anatapika damu. Wartini ndiye aliyekuwa amepiga simu ya gari la wagonjwa. Su-ching alipomvua mzee shati akapiga yowe, tukatoka sote. "Amemchapa baba yangu kwa fimbo!" Wartini alikuwa amepiga magoti anamfuta mzee mdomo. Akasema, "Dada, sikumpiga. Sijui alama hizi zimetoka wapi." Na kweli hakujua. Ninyi mkaja, mkamchukua akiwa na ndala za ndani.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Twende tukaseme." Akasema, "Tulia kwanza. Mzee akiamka atasema mwenyewe." Mzee hajaamka. Ana mipira puani na mdomoni. Su-ching aliniambia daktari ameona damu imekuwa nyepesi kupita kiasi kwa sababu ya vidonge, akigongwa kidogo tu ingevuja, lakini michirizi iliyonyooka vile ni mkono wa mtu. Daktari hakukosea.

Mume wangu si mtu mbaya, afande. Tangu siku ile hali chakula. Jana nilimkuta ameketi jikoni anajikwaruza mkono wake mwenyewe kwa ile pembe, anatazama kama utakuwa mweusi. Ulikuwa mwekundu tu. Nikamnyang'anya.

Leo asubuhi nilimletea Wartini mikate, mkaniruhusu nimwone. Nilidhani atalia au atanitukana. Akaniuliza, "Shangazi, Babu amekula?" Nilishindwa kumtazama usoni. Naogopa. Naogopa mzee atakufa, naogopa mtamfunga mume wangu, na naogopa huyu mtoto wa watu atarudishwa kwao na jina la mpiga wazee, wakati ni yeye peke yake aliyekuwa akimsihi mzee aende hospitali. Mzee siwezi kumwamsha. Hili la Wartini ninaliweza, ndiyo maana nimekuja.

Mume wangu hajui nimesema nini. Kanileta kwa pikipiki, anadhani nimefuata bakuli za mikate. Yuko nje kwenye benchi.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu, sikulazimishwa wala sikuahidiwa kitu. Nimesomewa, na ni maneno yangu.

Sahihi: Chuang Siu-luan

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Tseng Yung-fu. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliniuliza kama mumewe atalala hapa. Nilimjibu kwamba siwezi kumwahidi lolote. Alitia sahihi. Nilipotaka kumtuma askari nje amwite mumewe, aliomba nisimtume, akaenda kumwita yeye mwenyewe.