Mto wa Pini na Mashine ya Chiriku

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zako zipo, nitakupa, ila kwanza nikugombeze. Mara ya mwisho ulipokanyaga nyumba hii mapazia ya sebuleni yalikuwa mapya, ukasema rangi yake inakuumiza macho. Sasa yamepauka mpaka jirani yangu, yule fundi wa rangi, ameuliza kama nimetundika mashuka. Ndivyo ulivyokaa mbali. Miguu unayo, pensheni inaingia, na basi linashusha abiria pale kwenye duka la dawa, mlango wangu unauona. Au unasubiri uje kunizika? Ukija siku hiyo usitegemee nitakupikia.

Haya. Hujambo? Magoti yanasemaje? Yale matone ya macho unayatia, au umeyaweka mezani unayatazama? Mimi sijambo. Mgongo unanilalamikia nikikaa sana kwenye cherehani, lakini uzi bado naupitisha kwenye tundu la sindano kwa mara moja. Yule mwalimu mnene kaleta tena gauni lile lile nilitanue, mara ya nne hii, na mara zote analaumu sabuni.

Barua nasema mimi, anaandika Chiriku, mjukuu wangu. Nimemwambia aandike "wangu", asiandike "wetu". Nimemuuliza kama ameandika, ameitikia. Nimemwapisha pia asiongeze neno wala asipunguze, hata akisikia asiyoyapenda. Najua unajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Sababu ninayo, utaikuta mbele. Na najua unajiuliza jambo kubwa zaidi, kwamba kwa nini wiki tatu nzima Chiriku hapokei simu zako. Hilo nalo utalikuta.

Nianzie mbali kidogo, maana wewe ulikuwa upande wa pili wa simu, ya huku hukuyaona.

Unajua Chiriku anapiga pasi kwa dobi, amesimama kutwa na mvuke usoni. Starehe yake ilikuwa kwenda kwenye kile chumba cha gemu nyuma ya kinyozi, analipia saa moja, na hiyo saa moja wanaume wanamsimamia mgongoni, wanamhemea shingoni, wanamfundisha pa kubonyeza wakati yeye ndiye anayewafunga wote. Akasema amechoka kulipia pumzi za watu. Anataka mashine yake, kompyuta ya gemu, aiunganishe mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, kwa kadiri ya mshahara. Nilimcheka. Nikamwambia msichana mzima, wenzako wananunua vitanda, wewe unanunua mchezo. Akanijibu kwamba kitanda anacho, kinachomkosesha raha ni kile chumba.

Nikadhani atanishirikisha mimi. Mimi ndiye ninayejua kununua, mdogo wangu. Nimenunua vitambaa miaka hamsini, hakuna muuzaji aliyeniuzia cha kuchuja rangi nikarudi nyumbani nacho. Lakini Chiriku alishika simu akakupigia wewe. Kwa sababu ulifanya kazi ofisini, ulipiga taipu, kisha ukazoea kompyuta, kisha ukastaafu na kompyuta yako umeifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anaisimamisha simu kwenye kopo langu la vifungo, juu ya meza yangu ya kushonea, sauti yako inajaa chumba, na mimi nasogezwa pembeni na mkasi wangu.

Nilisikia yote. Ukamwambia asikimbilie kasha la kioo lenye taa za rangi, pesa zitaishia kwenye urembo. Ukamwambia achukue kasha lolote, bora feni zipate hewa. Ukamwambia fedha nyingi aziweke kwenye kadi ya picha, maana ndiyo inayochora mchezo, na skrini atafute ya mtumba, akipata nafasi atabadilisha. Mimi nikamwambia achukue kasha la taa, tena lile la zambarau. Sikulipenda hata kidogo. Nilisema tu ili pawepo neno langu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Bibi mdogo kasema hapana." Humu ndani nimesikia bibi mdogo kasema, bibi mdogo kasema, mpaka nikawa naota unasema.

Siku moja nilikwenda naye dukani kwa yule fundi wa kompyuta. Ilikuwa zamu ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Viwili vilikuwa bei moja, na maandishi juu yake Chiriku alisema yanafanana. Mimi maandishi hayanihusu. Nikakipima kimoja mkononi, nikapima cha pili, nikasema chukua hiki, kizito, humo ndani kuna kitu, kile kingine ni bati na upepo. Fundi akanyamaza, na muuzaji akinyamaza namna ile ujue umempata. Nikavimba kichwa. Basi Chiriku si akakupigia palepale! Nawe ukasema, "Bibi yako ana akili, chukua kizito." Furaha yangu ikaharibika. Hata hili langu moja ilibidi lipitie kwako ligongwe muhuri.

Unajua nilikumbuka nini njiani? Sare yako ya kwanza ya shule. Niliishona mimi, kwa mkono, nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu nguvu ya baba ilitosha kumsomesha mmoja, na mimi nilikuwa tayari najua kushika sindano. Sikulalamika. Nilikusimamisha kwenye kigoda nikakupima mabega, nikakuacha uende. Siku zote nimesema sikuumia. Haya, mwaka huu nimeumia, kwa kuchelewa hivyo hivyo.

Basi vifaa vikawa vinakusanyika chini ya kitanda changu, kila kimoja nimekifunga kwa kipande cha kitambaa. Madabodi, ule ubao mkubwa ambao vingine vyote hupachikwa juu yake. Rami mbili, za kutunza kumbukumbu, kama rula fupi. Feni. Kadi ya picha, ambayo hiyo pekee ilimla miezi mitano ya kupiga pasi. Kikabaki kimoja, prosesa, kinachofikiri kwa niaba ya wenzake. Ukamwambia anunue ya mtumba ya toleo la nyuma, haina neno, fundi akiiwasha ikawaka mbele ya macho yake, alipe aondoke. Akafanya hivyo. Kikaja kwenye kiboksi cha plastiki, kidogo kuliko biskuti, juu bati, chini pini za dhahabu, elfu na ushee, nyembamba kuliko pini zote nilizoshika maishani. Akakiweka kwenye droo yangu ya vifungo, akasema Jumapili anaunganisha.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akaniomba nishone kifuniko cha mashine. Moyo ukafunguka. Nikatoa kitambaa kizuri cha bluu nilichokuwa nakitunza. Akachora herufi kwa chaki, akaniomba nizifuate kwa uzi mwekundu. Nimezifuata asubuhi nzima, mdogo wangu, kona zote, duara zote, bila kujua zinasema nini, na nilishajiaminisha kwamba zinanisema mimi. Mchana yule mwalimu mnene alipokuja kuchukua gauni nikamwomba anisomee. Akasoma, "Asante Bibi Mdogo."

Akaondoka zake. Mimi nikakaa.

Sasa sikiliza, na wewe Chiriku andika, usisimamishe kalamu. Nilifungua droo nikakitoa kile kiprosesa. Sikutaka kukiharibu, nilitaka kipotee tu mpaka Jumapili ipite, Chiriku akose cha kuunganisha, akuambie kwamba mpango wako umekwama, kisha mimi nikione kwa bahati, niwe mimi niliyeokoa. Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, na nina miaka sabini na mmoja. Nikatafuta pa kukificha. Nimeshona maisha yangu yote. Kitu chenye pini nakiweka wapi? Nikakichomeka kwenye mto wangu wa pini, dhahabu chini, bati juu, nikakikandamiza kwa dole gumba mpaka kikazama, nikatupia kipande cha utepe juu. Mto umejaa makapi ya uzi uliokazwa. Pini yangu hupita. Zile za dhahabu hazikupita.

Jumamosi Chiriku alipindua nyumba. Alichungulia mpaka chini ya jiko. Alipoanza kulia, mwoga mimi, nikakichomoa, nikakirudisha kwenye kiboksi chake, nikasema nimekiona nyuma ya droo. Jumapili akakifungua. Upande mmoja pini zilikuwa zimelala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Akaenda kwa fundi, fundi akaapa aliuza kizima. Chiriku akasema fundi alikibadilisha wakati wa kufunga, na kwamba wewe ndiye uliyemwambia alipe aondoke, hukumwambia akague baada ya kufungwa. Hapo palikuwa pahali pangu pa kusema. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Ndiyo hayo ya kuambiwa kwa simu." Na nililala vizuri siku hiyo. Huo ndio uovu wenyewe. Pini zilikuwa ujinga, lakini usingizi ule ulikuwa uovu.

Akaacha kupokea simu zako. Nikampata peke yangu. Na nilichokipata ni msichana anayekula kimya, anayekunja nguo kimya, Chiriku asiyelia kama chiriku. Jana akasema kukikucha anampelekea fundi vifaa vyote avinunue kwa bei yoyote, anarudi kulipia saa yake kwa kinyozi. Ndipo nikamwambia alete karatasi.

Na sababu ya barua ni hii. Kwenye simu ungenisamehe kabla sijamaliza, nakujua, ungesema "acha dada, yamepita", nami ningeiacha nusu tumboni. Karatasi hainikatizi. Tena nilitaka aandike yeye, kwa mkono wake, ili nisipate njia ya kusema hivi kwako na vile kwake.

Hapa tulisimama kidogo. Ameweka kalamu chini, ametoka uani. Nimemsikia anafua kitambaa ambacho kilikuwa safi. Nimekaa na karatasi nisiyoweza kuisoma. Aliporudi hakunitukana, ingawa nilimpa nafasi. Aliuliza tu kile kiprosesa kilikaa kwenye mto kwa muda gani. Nikamwambia siku mbili. Akasema, "Bibi, wewe ni mtu mbaya sana," akakaa karibu yangu. Kisha akaleta kile kiboksi.

Tumehamia dirishani penye mwanga. Nikachagua sindano nyembamba kuliko zote, ile ya shanga, nikavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Chiriku alikishika, mimi nikanyanyua pini moja moja, taratibu, kama unavyonyanyua mshono wa hariri usiache alama. Alikuwa akihesabu mistari, mimi nanyanyua. Zilikuwa thelathini na nane. Hakuna iliyokatika. Mikono yangu haikutikisika hata mara moja, mwambie mtu yeyote. Tulipomaliza akakishusha juu ya madabodi, kikaingia mahali pake bila kusukumwa, kama kifungo kwenye tundu lililokatwa sawa. Akacheka. Wiki tatu sikuwa nimesikia.

Vifaa haviuzwi tena. Ameviunganisha vyote, mashine imesimama mezani chumba cha nyuma, waya upo ukutani, na haijawashwa. Hiyo ndiyo hukumu yangu, kaitoa yeye: haiguswi mpaka uje, na atakayebonyeza ni wewe. Nimemwambia hiyo si haki, nitakufa kwa kutaka kujua. Amesema ndiyo maana. Isipowaka, prosesa nyingine nanunua mimi, cherehani yangu ya mguu nimeshaitafutia mnunuzi. Hapo amebisha, nimemwambia aandike hivyo hivyo.

Kifuniko nilikuwa nimekifumua maneno yote. Leo nimeyashona tena. Safari hii najua yanasema nini, na nimeyashona vizuri zaidi.

Nisamehe, mdogo wangu, lakini si haraka. Wasalimie majirani zako, hasa yule mwenye kuku, na mume wake asiyesikia. Uzi mwekundu uliopita kwenye pembe ya karatasi ni sahihi yangu, nimeushona mwenyewe.

Dada yako,
mwenye wivu.

Ukija, shuka pale kwenye duka la dawa, pita moja kwa moja chumba cha nyuma, usinisalimie kwanza sebuleni tukaanza kulia. Viti ni vitatu. Cha katikati ni cha Chiriku, chako kiko upande wa dirisha, kina mto mpya. Bonyeza. Kisha funga mdomo wako, uniache mimi niwe wa kwanza kusema.