Sanamu ya Mama Akimenya Viazi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, ila paa la jikoni linavuja tena. Mtoto ameota jino, sasa ananing'ata akinyonya.

Unaikumbuka sanamu ya udongo niliyofinyanga shuleni, ya mama akimenya viazi? Imeshinda tuzo ya taifa ya sanaa ya wanafunzi wa sekondari! Nilipiga vigelegele hadi mtoto akashtuka. Kisha mwalimu wa sanaa akaja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, mkuu wa shule anasema mzazi hapandi jukwaa la wanafunzi."

Mama akaangua kicheko. "Mzazi gani? Huyu hata uji wake bado napoza mimi!"

Mwalimu hakucheka. Tuzo aliipokea msichana niliyekuwa nikikaa naye dawati moja. Nilimsikia kwenye redio ya jirani akiulizwa aliifinyanga vipi ile mikono, naye akakohoa tu. Simlaumu, alitumwa.

Baba hajanisemesha tangu nijifungue. Mwalimu anasema shule ya huko kwenu inapokea wasichana wenye watoto, mradi niwe na pa kulala karibu. Mwakani nitaweza kushindana tena, nipande jukwaani mwenyewe.

Nakuomba utupokee, shangazi. Kufua, kupika, kudeki, yote niachie mimi. Mtoto halii usiku. Hapana, nisikudanganye: analia, lakini huwa namnyamazisha haraka.

Ni mimi mwanao,
mfinyanzi.