Siku Tisa Bila Domo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefika kazini saa moja na robo. Kiyoyozi cha chumba cha seva kinadondosha maji tena. Nimekinga ndoo. Mahamri matatu na mbaazi kutoka kwa Mama Riziki pale getini, na la nne la bure maana ameona uso wangu. Anakaanga akiwa amekaa kwenye kigoda kifupi, mkono mmoja umeshika mgongo. Wateja wake ni hospitali nzima pamoja na madereva wa malori wanaongoja zamu ya kuingia bandarini Kipevu.

Kisha logi, lile daftari ambalo seva hujiandikia yenyewe. Kazi yangu kila asubuhi ni kulisoma. Leo tena kurasa na kurasa za mtu mmoja: fcoemon. Mie namwita Domo. Ni programu inayokaa nyuma ya pazia, haionekani, haina kitufe, na kila dakika inaandika kitu kilekile, ati njia ya pili imekatika. Mwezi mzima sasa. Njia gani, jamani, na kila kitu kinafanya kazi? Bwana Wafula, mkubwa wangu, alishasema: "Dama, hizo logi zinajaza diski. Toa hiyo takataka."

Saa nne nimemzima Domo. Nikangoja. Nikala hamri, nikangoja tena. Picha za eksirei zinafunguka. Faili za wodini zinafunguka. Hakuna kilichotikisika. Basi nikamfuta kabisa, yeye na mwenzake anayeandamana naye, na faili la mipangilio yao.

Kimya. Raha iliyoje.

Jumanne, 4 Novemba

Logi nusu ukurasa. Wafula kanisifu mbele ya wahasibu. Nimejiona mtu.

Alhamisi, 6 Novemba

Getini hapakuwa na moshi. Nimemkuta Mama Riziki ndani, kwenye benchi la eksirei, amevaa leso mpya, amekaa upande. Nimemwamkia. Kaitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa. Ana uvimbe kwenye uti wa mgongo. Wamempiga picha nyingi sana kwa ile mashine kubwa, na Alhamisi ijayo asubuhi anapasuliwa. Daktari atakuwa na picha mbele yake kwenye kioo cha kompyuta, aone mshipa uko wapi na uvimbe uko wapi. Akikosea kidogo, Mama Riziki hatembei tena.

Ameniuliza, "Mwanangu, hizo picha zangu mnaziweka wapi?"

Nimemwambia ziko kwetu. Ziko salama, asiwe na wasiwasi. Nimesema kwa kifua mbele kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Tangazo limekuja. Stima itakatwa Changamwe yote Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi. Pale mtambo wa Kipevu wanazalisha stima tunaiona kwa macho, na sisi tunakatiwa! Upasuaji uko palepale, jenereta ipo. Lakini jenereta huchukua kama dakika moja kushika. Dakika hiyo seva inategemea betri za akiba, nazo ni kuukuu, mara ya mwisho zilikata roho kabla hata sijafika mlangoni. Wafula anajua. Anasema bajeti.

Kaniagiza niandike hatua za seva kuamka ikizimika. Nikakaa nisome nini huanza na nini hufuata. Nimefika katikati nikaacha kuandika.

Seva yetu haina picha ndani yake. Picha zote ziko kwenye kabati la diski, chumba cha pili. Kati ya seva na kabati kuna kebo mbili za mtandao, hizi za kawaida. Na anayefungua njia juu ya kebo hizo kila seva inapoamka, akailinda mchana kutwa, ni fcoemon. Domo.

Njia aliyoifungua bado iko wazi kwa sababu seva haijazimwa tangu siku ile. Ndiyo maana hakuna kilichotikisika. Siku ikizimika, itaamka kipofu.

Na itazimika Alhamisi.

Naogopa. Nimeandika hili neno nikalikata, nikaliandika tena.

Jumamosi, 8 Novemba

Niko nyumbani Magongo. Ugali nimeuacha sahanini. Mume wangu kauliza kama nina mimba.

Kwa nini nisimrudishe Domo tu? Nimejiuliza mara mia. Nikimwasha sasa hivi huenda akaifungua njia upya, na wakati anaifungua, ile iliyopo ikakatika huku wodi zote zinaandika. Faili zinaweza kuharibika. Tena mipangilio nimeifuta kwa mkono wangu, na bila mipangilio hajui afungue wapi. Aliyeipanga ni Bi Salma, aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu. Sasa yuko Maskati kwa mumewe. Nimemtumia ujumbe. Sijasema nimefuta. Nimeandika "kuna tatizo dogo". Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Mhubiri kaongea sana, sikumbuki nini. Nimemwona mama mmoja anainuka kwa kushika mgongo nikatoka nje.

Jumatatu, 10 Novemba

Bi Salma kapiga simu mwenyewe. Nimemwambia kweli.

"Umemfuta, Dama? Yaani umemfuta?"

Mipangilio haikumbuki, ni miaka. Lakini kasema njia iliyo wazi inajieleza yenyewe: kadi ipi, namba ipi ya mtandao, kabati lina anwani gani. Nisome huko kabla seva haijazimika, maana ikizimika nayo imepotea. Nimesoma. Nimenakili kwa kalamu kwenye daftari la mwanangu la hesabu, nikahakikisha mara tatu.

Kisha Bi Salma kauliza, "Na kabla hujamzima alikuwa akisema nini?"

Nimemwambia: njia ya pili imekatika.

"Umekwenda kuangalia?"

Sikwenda. Mwezi mzima sikwenda. Leo nimekwenda, nikainama nyuma ya kabati na tochi ya simu. Kebo ya pili imechomoka, inaning'inia. Mafundi wa kiyoyozi waliivuta walipopitisha bomba lao. Domo hakuwa na porojo. Alikuwa akiniita.

Nimeirudisha mahali pake. Taa yake haikuwaka kijani. Hakuna wa kufungua njia.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemwambia Wafula. Nilisimama, sikuthubutu kukaa. Kageuka rangi. Kwanza kafoka, halafu akafunga mlango, halafu akaanza kuongea polepole, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Anataka tunyamaze. Betri huenda zikashika. Madaktari wasijue, maana yeye ndiye aliyesema nitoe takataka. Mimi nataka tuizime seva wenyewe kesho mchana, kwa utaratibu, wodi zote zimeacha kuandika, tuone kama inaamka. Kasema hospitali haizimwi kwa ajili ya makosa ya Dama.

Nimetoka. Nimekaa chooni. Kazi nitafukuzwa, karo ya mtoto naijua mwenyewe. Nikamkumbuka Mama Riziki kwenye lile benchi, na mdomo wangu unasema ziko salama.

Nimeosha uso nikaenda kwa daktari atakayempasua. Mtu wa maneno machache, wauguzi wanamkwepa. Nimemweleza bila kujitetea. Kauliza swali moja tu.

"Ikizimika nikiwa ndani, nitaona nini?"

"Hutaona kitu, daktari."

Kaangalia saa yake. Kasema tuizime kesho saa nane mchana, kwa dakika ishirini. Atawaambia wodi mwenyewe.

Wafula kafunga mlango wa ofisi yake nilipopita.

Jumatano, 12 Novemba

Saa nane kamili. Wauguzi wanaandika kwenye karatasi. Nimepakia programu upya na kuandika mipangilio kutoka kwenye lile daftari, herufi kwa herufi. Wafula kasimama mlangoni, mikono kifuani. Nimeizima seva.

Ule ukimya wa feni sijawahi kuusikia. Nimeiwasha.

Imeamka. Diski: hakuna. Orodha tupu.

Nimekaa sakafuni karibu na ndoo. Wafula anasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Dakika saba zimekwenda. Nimesoma daftari tena: namba sawa, kadi sawa, anwani sawa. Nimesoma logi. Domo yupo, kaandika mstari mmoja: anangoja.

Anangoja nini? Mwenzake! Wale ni wawili. Mmoja huongea kwanza na swichi, kisanduku zinamopitia kebo, wakubaliane, ndipo Domo afungue njia. Nilifuta wawili, nikawarudisha wawili, nikaamuru mmoja tu aamke. Nimemwasha mwenzake. Nimemwasha Domo tena.

Diski ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha nyuma ya kabati taa ya kebo ya pili ikawaka kijani.

Sikuifungua picha ya Mama Riziki, si haki yangu. Simu ya ukutani imelia. Daktari kasema, "Naiona," akakata.

Nimelia. Wafula kaniletea maji. Kabla ya kutoka nimeandika amri ya wote wawili kuamka wenyewe, nikaisoma mpaka macho yakauma.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa tatu na dakika nne, giza. Betri zimepiga mlio mmoja zikafa. Seva imezimika nikiitazama.

Mama Riziki alikuwa mezani tangu saa mbili.

Jenereta imenguruma. Seva imeanza kuamka taratibu, kama ilivyo kawaida yake, mimi nimeshika ukingo wa meza na kuhesabu kwa sauti. Sijui niliomba kwa lugha gani, nadhani Kigiriama. Sikugusa kitu. Hakukuwa na kitu cha kugusa. Nilichoandika jana ndicho kilichokuwa kikifanya kazi, au hakifanyi.

Mwenzake. Kisha Domo. Njia ya kwanza wazi. Njia ya pili wazi.

Saa saba muuguzi wa chumba cha upasuaji kapita kununua soda. Kasema kioo kiliwazimikia katikati ya kazi, daktari akainua mikono, akasimama hivyo bila kumgusa mgonjwa mpaka picha iliporudi. Kasimulia huku anacheka.

Jumatatu, 17 Novemba

Barua ya onyo, kurasa mbili. Nimesaini. Haimtaji Wafula popote. Sina nguvu ya kugombana. Betri mpya zimeagizwa, bajeti imepatikana ghafla.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimepita wodini. Mama Riziki anatembea, mkono mmoja ukutani, hatua ndogondogo, anamgombeza binti yake kuwa unga wa mahamri anaukanda kama anafua nguo. Kaniona, akanishika kiganja.

"Usiku ule wa kuamkia upasuaji wenzangu hapa hawakulala kwa hofu. Mimi wallahi nililala. Nilisema, yule mtoto wa kompyuta kaniambia picha zangu ziko salama."

Nilimrekebishia leso begani nikaondoka.

Kwenye logi leo Domo kaandika mstari mmoja tu, saa moja na dakika tisa, ati njia ya pili imeyumba kidogo ikarudi. Chai ilikuwa bado ya moto. Nimeiacha mezani nikachukua tochi, nikaenda kuangalia kebo.