Mawe Meupe Karibu na Kidaraja

3 Machi

Mama mpenzi,

Hujambo? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila viatu vimeisha soli kwa kupima njia.

Ile kazi ya halmashauri nimeipata: kupanga sanamu na michoro kando ya njia mpya ya watu kutembea na kukimbia. Inapita hapo hapo mtoni mlipoishi kabla sijazaliwa. Mchongaji wetu, mzee mbishi kuliko wewe, amepapenda mahali pamoja karibu na kidaraja, penye rundo la mawe meupe. Anataka sanamu yake ya mkimbiaji isimame papo hapo. Msingi utachimbwa mwisho wa mwezi. Mbona hukuniambia kwenu kuzuri hivi?

Mwanao wa pekee

14 Machi

Mwanangu,

Salamu nimezipata. Goti acha liume tu.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Usichimbe pale. Kwa maziwa niliyokunyonyesha, nakuomba usichimbe.

Chini ya mawe yale amelala kaka yako. Homa ilimchukua ghafla, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mto ulikuwa umefurika, barabara ya makaburini imekatika, babako akamzika pale. Mawe niliyabeba mwenyewe, nawe ukiwa tumboni. Tulipohama babako alisema yaliyopita si ndwele, mtoto asitajwe tena. Nikanyamaza mpaka nikazoea.

Mamako

22 Machi

Mama,

Sijui hata nikusalimuje. Maisha yangu yote najiita mtoto wa pekee, kumbe nina kaka, na nimekuwa nikipita juu yake na futi ya kupimia.

Kuchimba nimesimamisha. Lakini mawe hayapo, mama. Mchongaji aliyachukua kabla barua yako haijafika, akayapasua, akayabandika kwenye ukuta wa mwanzo wa njia kutengeneza mchoro wa ndege. Mimi ndiye niliyemruhusu. Nilipomweleza, mzee wa watu alikaa juu ya ndoo ya saruji, akavua kofia.

Pamebaki udongo mtupu. Ramani nimeibadilisha, njia itapinda ipite mbali naye. Halmashauri wanataka sababu, niwaambie nini? Na ukuta, niuvunje? Nisamehe, mama.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Unakula? Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nalia.

Ukuta usiuvunje. Maji yakimwagika hayazoleki, na kosa ni letu tuliokuficha. Huyo mzee mwambie sina kinyongo naye. Mkimbiaji wake mtafutieni pengine, pale msiweke kitu.

Halmashauri waambie njia imepinda kwa sababu pana mtoto wangu. Waambie hivyo hivyo.

Nakuja wiki ijayo. Bila mawe sitapatambua, itabidi wewe unionyeshe. Jina lake nitakwambia tukifika. Sijalitamka tangu tuhame, nataka nilitamke nikiwa pale.

Mama yenu