Bamba Lililozama Chini ya Bweni

Ndugu, pokea tangazo zito la kisayansi: bamba la dunia linazama chini ya shule yetu. Kaapa mwalimu wa jiografia, Profesa wa kujipachika, mbele ya shule nzima.

Kipima mitetemeko kiko stoo, chini ya bweni letu. Kaisonta ile mistari yake, kifua mbele: “Mawimbi haya yametuchorea bamba lenyewe.” Bamba lenyewe, ndugu.

Mgeni wake, mtaalamu wa matetemeko, akauliza taratibu: “Mbona vituo vingine havikunasa kitu? Bamba zima litikise bweni moja?”

Mgeni akaendelea:

“Mistari hii ilipochorwa, bwenini alibaki nani?”

Mgonjwa mmoja, aliyekwisha kuonywa kwamba utundu mmoja tu zaidi, anafukuzwa. Shule nzima ikamgeukia.

“Nilikuwa naruka kutoka kitanda cha juu,” nikasema.

Baba yuko njiani.