Nijisifu Mbele ya Wakubwa?

Jumamosi, 21 Septemba 2024

Nimeharibu. Usaili wa shule ya wasichana ya kanisa, Muleba – ufadhili mzima, bweni, maktaba! Mtihani wa kuandika ulikuwa mwepesi. Kisha wakatuita mmoja mmoja. Wakubwa watatu nyuma ya meza. Nikapiga magoti, nikasalimia, nikainamisha macho kama nilivyolelewa. Mkuu wa shule, mama mmoja wa Mbeya, akauliza mimi ni hodari wa nini. Niseme nini? Nijisifu mbele ya wakubwa? Nikanyamaza. Akauliza tena. Nikaangalia viatu vyake. Basi.

Jalpa wa darasani kwetu aliingia baada yangu, nikasikia wanacheka naye humo ndani. Sawa, yeye kakulia dukani kwao, mtaa wa Bakoba, tangu mdogo anabishana bei na watu wazima. Mimi nimekulia kwa Bibi, Nshambya. Kwetu mtoto mwema ni yule asiyesikika.

Jumatatu, 23 Septemba

Mwalimu Lilian wa shuleni kwetu kaja hadi nyumbani. Mtihani wa kuandika nimeongoza. Nimeongoza! Ila wasaili wanaona nimezubaa. Mimi, nimezubaa! Nilikasirika hadi machozi. Mwalimu kawabembeleza, wamekubali kunisikiliza tena Jumamosi, niende na mlezi. Nikikosa, ni shule ya kutwa na kazi za hapa – maji, mbuzi, kibanja cha migomba – halafu kitabu huku nasinzia. Dada Renatha alipita njia hiyo hiyo. Akafeli.

Jumatano, 25 Septemba

Dukani kwa kina Jalpa. Baba yake, mzee Alpesh, kaniweka kaunta nijizoeze: kila mteja nimwangalie usoni, nimuulize anataka nini. Wa kwanza niliangalia kofia yake. Jalpa akacheka mpaka akakaa chini. Jioni nikaweza. Hata nilimwambia baba mmoja chenji yake ni sahihi, ahesabu upya!

Alhamisi, 26 Septemba

Bibi alikuwa ananituma kuni, nikasahau niko nyumbani, nikamkazia macho. Akauliza tangu lini mimi na yeye ni rika moja. Nikaomba radhi. Dukani macho juu, nyumbani macho chini. Nachoka.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika nje ya chumba cha usaili, kwenye benchi. Nimesema! Nimemwangalia mkuu machoni: mimi ni hodari wa hisabati, niliongoza mtihani wenu, nataka kusoma hapa. Bibi pembeni akakohoa kile kikohozi chake cha kuonya. Nikaendelea tu. Mkuu akatabasamu.

Wakanitoa, wakabaki na Bibi. Dirisha liko wazi. Mkuu anamuuliza mjukuu wake ni mtoto wa namna gani, akipewa nafasi atasoma kweli?

Bibi anacheka, kicheko chake cha wageni.

"Huyu, waitu mama mkuu? Mvivu. Kichwa hana. Hata maharage anachambua huku anasinzia."

Mungu wangu! Ndivyo anavyowajibu majirani wote wakinisifu. Kwetu nani anamsifu mtoto wake mbele ya wageni? Jirani akisikia hivyo anajua kabisa kwamba Bibi anajivuna. Lakini mkuu ni wa Mbeya!

Namwona mkuu ameinama, anaandika. Bibi ametulia, mikono mapajani, ameridhika – amejibu kwa adabu.

Mlango haujafungwa. Niingie?

Hakuna aliyeniita.